Rangi Iliyohama

Umeme ulikatika kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Blandine Mbayo akainuka kwenye kiti. Chumba cha Tatiana kilikuwa na meza moja, kompyuta mbili na dirisha lililotazama barabara ya Nzilo. Malori ya madini yalipita bila kukoma, na kila moja lilipotikisa vioo Blandine aliangalia saa yake. Saa tano kasoro dakika kumi.

"Ikala, mama OPJ," Tatiana alisema. "Batri iko. Machine haizime."

"Miye nasimama muzuri. Endelea."

Hakuwa na nafasi ya kukaa. Saa kumi alasiri, saa arobaini na nane za sheria zingekwisha, na yeye kama OPJ, ofisa wa polisi wa mahakama, angelazimika ama kumpeleka Louis Kabemba parquet, kwa waendesha mashtaka, ama kumfungulia mlango. Hakimu alikuwa amekwisha kumpigia simu mara mbili asubuhi hiyo kumkumbusha, kana kwamba angeweza kusahau.

Louis alikuwa mkuu wa usalama kwenye machimbo ya ushirika wa Kalombwe. Kila alfajiri alizunguka mashimo, akagonga kuta kwa nondo, akapima maji, kisha akaandika ujumbe katika programu ya simu ambayo wachimbaji mia sita walikuwa nayo. Wengi wao hawakuweza kusoma sentensi nzima, ila kila mmoja alilijua jina la shimo lake kwa macho, kama anavyoijua sura ya mkewe. Kwa hiyo Louis aliandika majina, na jina la shimo la hatari alilipaka nyekundu. Nyekundu, hushuki. Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi minane bila mtu kuumia.

Jumanne nyekundu ilikaa kwenye Dubai, shimo kavu na imara kuliko yote. Watu wa Dubai wakahamia Bagdad. Saa nne na robo ukuta wa Bagdad uliporomoka. Watatu walitolewa wamekufa, na wa nne, Gloire, alitolewa akiwa hai, mkono umevunjika mahali pawili. Mchana huo wenzao walikwenda kumtafuta Louis na mawe mikononi, na Blandine alimfikia kabla yao kwa dakika chache tu.

Mezani palikuwa na simu ndani ya mfuko wa plastiki wenye kibandiko cha polisi. Ilikuwa ya Dimitri, mmoja wa wale watatu. Kioo kilikuwa na ufa, lakini ujumbe ulisomeka wote:

Habari ya Jumanne. Bagdad, Washington, Dubai, Pekin. Kazi njema.

"Angalia pale," Blandine alisema. "Tangu juzi inanisumbua."

Tatiana aliinama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto mgongoni kwa kitenge, vidole vyepesi. Programu ile aliitengeneza yeye mwenyewe, peke yake, katika chumba kile.

Nyekundu haikukaa sawasawa kwenye neno Dubai. Ilianzia kwenye alama ya mkato iliyofuata Washington, ikavuka nafasi, ikapaka D, u, b, a. Ile i ya mwisho ilibaki nyeusi.

"Telefone ni ya zamani," Tatiana alisema haraka. "Na kioo imepasuka."

"Fungua ku ingine."

Alifungua kwenye simu yake, kisha kwenye simu nyingine mpya aliyoitoa kwenye droo. Mkato ulikuwa mwekundu, i nyeusi, kote vilevile.

"Basi ni kidole ya Louis," Tatiana alisema. "Ilitereza."

"Nionyeshe namna kidole inatereza."

Tatiana aliandika maneno mawili, akagusa la kwanza. Neno zima likashikwa, mwanzo hadi mwisho. Alijaribu kuvuta kidole kishike nusu. Programu ikarudi ikashika neno zima. Akajaribu tena. Blandine alimtazama akijaribu mara tano, na mara ya tano mikono ya Tatiana ilikuwa imepoteza ule wepesi.

"Miye mwenyewe niliiweka hivi," alisema polepole. "Kidole yabo ni nene, iko na udongo. Ukigusa jina, inakamata jina yote. Haiwezi kuacha i. Haiwezi kubeba virgule, ule mkato."

"Basi donc Louis hakupaka hivi."

Tatiana aliinuka. Alimtoa mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mkeka ingawa alikuwa amelala vizuri tu, kisha akarudi mezani.

"Mama OPJ, kabla hujaandika..."

"Nitaandika yote. Sema."

"Maneno na rangi, habikae pamoja." Alichukua karatasi. "Mu telefone ya Louis, bikiwa bado mikononi mwake, biko pamoja. Akiongeza neno mbele, rangi inasukumwa na jina yake. Akitosha neno, akiifuta, rangi inarudi nayo. Lakini akituma, ninaweka bintu mbili. Maneno ku fasi, mahali yake, matupu. Na rangi ku fasi yake, ni namba mbili tu: anza herufi hii, simama ukifika herufi hii, bila kuipaka. Telefone ya creuseur, ule muchimbaji, inapokea bote mbili, njo inapaka."

"Na namba za Jumanne?"

Tatiana aliandika vitu vichache kwenye kompyuta, akageuza kioo. Kuanzia 37, mpaka 43.

"Herufi sita," Blandine alisema. "Dubai iko na tano."

"Tano."

"Pekin tano. Washington kumi." Alikuwa ameanza kutembea, hatua tatu kwenda dirishani, tatu kurudi. "Jina ya herufi sita ni moja tu."

"Bagdad," Tatiana alisema.

"Mu maneno haya, Bagdad inaanza herufi ya ngapi?"

"Kumi na tisa. Machine inaanza kuhesabu ku zero, na inahesabu hata nafasi na points."

Thelathini na saba kutoa kumi na tisa. Blandine hakuhitaji karatasi. Louis alipopaka Bagdad, mbele ya Bagdad palikuwa na herufi kumi na nane ambazo leo hazipo. Mtu alizing'oa. Maneno yakarudi nyuma, namba zikabaki zilipokuwa, na nyekundu ikaangukia jina la watu wengine.

"Nani anaweza kutosha maneno na rangi isijue?"

Tatiana alifunga dirisha dhidi ya kelele za lori. Kisha akaeleza. Mwezi wa tatu, Tata Ruffin, président wa ushirika, alimwita. Alisema Louis anaandika vibaya, anaaibisha ushirika mbele ya wageni. Alitaka naye aweze kusahihisha tahajia kwenye kompyuta ya ofisi. Tatiana akamtengenezea ukurasa kwa siku moja. Ukurasa ule ulionyesha maneno matupu, bila rangi. Ukibadilisha neno pale, hakuna kinachosogeza namba.

"Nilijua," alisema. "Niliandika mu kaye, daftari yangu: kutengeneza page ya bureau. Kiisha mutoto akagonjwa. Kiisha nikasahau. Tata Ruffin alikuwa anabadilisha herufi moja moja tu, a kwa e. Rangi haikuhama."

"Mot de passe, ile neno ya kufungulia page, nani eko nayo?"

"Yeye tu."

"Machine ilichunga maneno ya zamani?"

"Hapana. Hata telefone ya Louis ikituma inafuta. Inachunga saa tu. Louis alituma saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Kintu kiliguswa saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa. Na nusu, saa yake ya kutoka kila asubuhi, ikaenda ku telefone za batu bote."

Blandine alichukua mfuko wa plastiki. Mlangoni akageuka. "Ile namba, kumi na nane, usimwambie mutu. Hata Louis. Zaidi sana Louis."

"Mutanifunga?" Tatiana aliuliza.

"Sijui," Blandine alisema, na ilikuwa kweli.

*

Louis Kabemba alikuwa amekaa kwenye sakafu ya kasho, chumba cha mahabusu, magoti kifuani. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini, fundi wa zamani wa mgodi mkubwa, na kwa siku mbili alikuwa akirudia jambo moja: alipaka Bagdad. Hakuna aliyemwamini. Nyekundu ya Dubai ilikuwa kwenye simu mia sita.

Blandine alimpa kalamu na karatasi kupitia nondo.

"Andika message ya Jumanne. Vile ulivyoandika. Usirekebishe kitu."

"Mama, niliisha kusema..."

"Ulisema. Sasa andika."

Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao. Blandine aliipokea karatasi na kwenda nayo ukingoni mwa korido, penye mwanga. Habari ya Jumanne. Pompe imekufa. Bagdad, Washington, Dubai, Pekin. Kazi njema.

Pompe imekufa. Pampu ya kuvuta maji imeharibika: maneno hayo hayakuwa kwenye simu ya Dimitri. Alihesabu kwa ncha ya kucha, nafasi na nukta pamoja.

Kumi na tano.

Akahesabu upya. Kumi na tano. Alisimama pale akisikia walinzi wakibishana nje kuhusu mpira. Kumi na tano haikuwa kumi na nane. Mtu mwenye siku mbili za kufikiri anaweza kubuni maneno mawili mazuri. Hakimu angesema hivyohivyo, na angekuwa na haki.

Alirudi. Hakusema kama imepungua wala imezidi. Alitoa simu yake mwenyewe, akafungua mahali pa kuandikia, akaipitisha kati ya nondo.

"Kwa kalamu hapana. Andika vile vidole yako inaandikaka asubuhi. Usifikiri."

Louis alifuta mikono kwenye suruali. Vidole gumba viwili vilianza kutembea. Habari ya Jumanne, nukta. Kisha, bila kusita, akafungua ukurasa wa vile vipicha vidogo, akabonyeza duara nyekundu, akaweka nafasi, akaendelea: Pompe imekufa.

"Ile duara ni ya nini?"

"Duara?" Aliitazama kama aliyeamshwa. "Naiwekaka kama kuko habari mbaya. Bale habasome, banaona duara, banauliza wenzabo. Ku karatasi haiwezekane, mama. Bic ni bleu."

Duara na nafasi yake: mbili zaidi. Kumi na saba.

Blandine alitoka nje hadi uani, jua likamwangukia usoni, na akampigia Tatiana. Saa saba na nusu.

"Vile vipicha bya ku telefone. Duara nyekundu. Machine yako inaihesabu namna gani?"

Upande wa pili mtoto alikuwa analia. "Ile? Ile ni mbili, mama OPJ. Macho inaona moja, machine inaihesabu fasi mbili. Ilinisumbua sana mwanzo... Juu ya nini?"

Lakini Blandine alikuwa amekwisha kukata: kumi na nane kamili. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na mkono mmoja unaita pikipiki.

*

Ofisi ya ushirika ilinuka rangi mpya. Tata Ruffin aliinuka kumpokea, mtu mzito, mpole, utepe mweusi begani. Nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya kijana anayecheka, imezungushiwa kitambaa cheusi. Dimitri. Blandine alijua: mtoto wa dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

"Pole tena, tata."

"Aksanti, mama. Tunamuzika kesho." Akakaa. "Mulimupeleka parquet, ule Louis?"

"Saa kumi. Ninamalizia PV tu, maandishi ya maulizo." Aliweka karatasi mezani, akafungua kalamu. "Jumanne ulifika bureau saa ngapi?"

"Saa mbili. Nilitoka ku misa."

"Na message ya Louis, uliiona saa ngapi?"

"Nyuma ya malheur, ile ajali. Banaileta telefone, naona nyekundu ku Dubai, nasema: Mungu wangu, huyu mutu amekunywa."

"Mbele ya pale hukuiona."

"Hapana kabisa."

"Pompe ya Bagdad, ilikuwa inatumika?"

"Muzuri sana. Ni mupya."

Blandine aliandika kila jibu pole pole, akimwacha asikilize kalamu. Kisha akachomoa karatasi nyingine, akaisoma bila kuinua macho.

"Louis anasema message ilikuwa na maneno ingine. Anasema aliandika hivi: Pompe imekufa tangu Jumapili, président anajua, lakini hatengeneze."

"Bongo, uwongo tupu!" Ruffin alipiga meza. "Hakuandika hivyo! Mi kujua? Mi kukataa kutengeneza? Hakunitaja hata kidogo, alisema tu pompe imekufa, na ile duara yake ya..."

Nje fundi alikuwa anakata bati, na sauti ya msumeno ilijaza chumba kizima. Blandine, ambaye hakuwa ameitaja duara yoyote, aliandika maneno yale kama yalivyotoka, akaweka nukta, akasubiri.

"Mama," Ruffin alisema. "Kulikuwa na wageni."

"Sema."

"Délégation. Walikuwa wanafika saa tatu, bako na application mu telefone yabo, mi mwenyewe niliwawekea. Niliwaambia pompe ni mupya, inatumika. Asubuhi nikaona anaandika imekufa. Nikasema, nitatosha ile, bakienda fundi atakuya." Alinyoosha vidole viwili. "Maneno mbili. Na duara. Ile ya kufunga shimo, si nilimwachia yeye? Rangi sikuigusa! Weka Mungu pale: rangi sikuigusa. Ku page yangu rangi haionekane hata. Aliyepaka Dubai ni yeye."

Blandine alimtazama. Alikuwa amekuja na hasira tayari kwa mwongo. Mwongo alikuwapo, lakini jambo moja mtu huyu hakulidanganya: kweli hakujua. Kwa siku mbili alikuwa amemchukia Louis kwa moyo safi.

Angeweza kumwachia hakimu kazi ya kumweleza. Alivuta kiti, na yeye ambaye siku nzima hakutaka kukaa, akakaa.

Aliandika ujumbe wote kwenye karatasi, herufi moja kwenye kila kisanduku cha karatasi ya hesabu. Duara akaipa visanduku viwili. Chini yake akauandika tena bila duara na bila maneno yale mawili, ukianzia mahali palepale. Kwenye mstari wa juu akachora kisanduku kuzunguka Bagdad, visanduku sita kamili. Kisha akaweka rula, akavuta mistari miwili iliyonyooka kutoka pembe za kile kisanduku hadi mstari wa chini.

"Rangi haijue jina, tata. Inajua fasi tu. Soma mu katikati ya mistari."

Ruffin alivaa miwani. Kidole chake kilishuka kutoka Bagdad, kikifuata mstari wa kushoto, kikafika kwenye mkato. Kikasogea kulia. Midomo yake ilitamka D, u, b, a.

Alirudia tangu mwanzo. Alihesabu visanduku kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nane, na alipofika akarudi kuhesabu tena kama mtu anayetafuta kosa la mwenzake. Mara ya tatu hakumaliza. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, na hakugeuka kutazama ukutani.

"Dimitri alikuwa wa Dubai," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Asubuhi ile aliniuliza. Alinipigia saa moja. Tata, Dubai ni nyekundu, tufanye nini? Nikamwambia..." Aliisukuma miwani pembeni. "Nikamwambia, mufuate rangi."

Fundi wa bati alikuwa bado anakata. Blandine alimpa yule mzee kalamu, akamgeuzia PV aisaini, ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwomba asimame waende.

*

Saa tisa na dakika arobaini alizungumza na hakimu, akasoma kwa simu ukurasa wa pili wa PV, na kujibiwa kwa neno moja: "Mufungulie."

Louis alitoka kasho akiwa amefinya macho. Blandine alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama koridoni, namba na rula na ukurasa wa ofisi. Alitegemea machozi, au matusi. Louis alisikiliza akifunga mkanda waliomrudishia.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Na nani anatuma message, tangu Jumatano?"

Siku mbili nzima Blandine alikuwa ameukagua ujumbe mmoja kama mtu anayechunguza jino, na hakuwa ameuliza hilo.

"Hakuna mutu," alisema.

"Bako mu mashimo?"

"Bagdad imefungwa. Zingine... bako mu kazi."

"Pompe imekufa tangu Jumapili, mama. Maji ya Bagdad inaenda wapi? Inaenda Washington." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Niletee telefone. Haraka!"

Simu yake ilikuwa kwenye bahasha ya vielelezo, haina chaji. Blandine alimpigia Tatiana, na Tatiana, bila swali, akaruhusu jina la Louis liingie kupitia simu ya polisi, akaufunga ukurasa wa ofisi moja kwa moja, akaondoa ile subira ya asubuhi ili ujumbe uende papo hapo. Ilichukua dakika nne. Louis alizipitisha akitembea, ukuta hadi ukuta, na Blandine akitembea kando yake.

Aliandika sentensi moja. Bote pandeni sasa. Kisha akagusa neno la kwanza, la pili, la tatu, yote, na yote yakawa mekundu. Akatuma.

Wakasimama. Barabarani malori yaliendelea kupita. Dakika moja, mbili. Simu ililia mkononi mwa Blandine, namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya Gloire, yule wa nne. Alikuwa kule machimboni na mkono kwenye plasta, ameketi karibu na mdomo wa Washington kwa sababu nyumbani hakuweza kukaa.

"Mama OPJ, hii message. Batu banaogopa. Banasema rangi inadanganya. Ni nani anaandika?"

"Ni Louis. Eko hapa pembeni yangu. Jumanne haikuwa yeye."

Upepo ulivuma ndani ya simu.

"Nimupatie?" Blandine aliuliza.

"Hapana. Nimesikia." Kisha sauti ikageuka kutoka kwenye simu, ikawa kubwa, ikipasuka juu ya shimo: "Pandeni! Ni Louis mwenyewe! Pandeni bote!"

Blandine aliweka simu kati yake na Louis, na wote wawili wakainamia, wakisikiliza kamba zikikazwa na watu wakianza kuitana majina, mmoja baada ya mwingine, wakitoka.